MHADHIRI, HUYO SI JEURI. ANA USONJI.

SEHEMU YA 1

Mnaonifuata humu mmezoea nikiongelea presha, chanjo na kina mama wanaochelewa kuanza kliniki. Leo naongea na maprofesa, tena kwa sehemu nane, kwa hiyo mwenye haraka atunze arudi jioni.

Najua swali litakalokuja. Nesi wa Kwakoa, huku tambarare ya vumbi chini ya milima ya Upare, ana nini cha kumwambia mtu mwenye shahada tatu? Ninacho. Mwanafunzi mkishamwandikia barua ya disko, nyie faili mmelifunga. Sisi ndio tunaompokea. Anarudi kijijini hali, halali, haongei na mtu, na mama yake anakuja kituoni kuniuliza kwa sauti ya chini kama kuna dawa ya kurogwa. Kazi yenu inapoishia ndipo yangu inapoanza, basi nina haki ya kusema mnaniletea watu wakiwa katika hali gani.

Niseme mapema ninachodai, asije mtu akasema nimezunguka. Vyuo vyetu vinawapoteza vijana wenye usonji ambao somo wanalijua vizuri. Wanaangushwa na vitu ambavyo havimo kwenye somo: salamu, macho, kelele, kazi za grupu na tangazo la usiku. Na mengi ya hayo yako mikononi mwa mhadhiri mmoja mmoja. Hayasubiri bajeti wala waziri.

SEHEMU YA 2

Tuanze na usonji wenyewe, maana hata wasomi wanauchanganya.

Usonji hauambukizi. Si wazimu, si laana ya ukoo, na haukuletwa na chanjo. Ni namna ubongo wa mtu ulivyojengeka tangu mwanzo, na ataishi nao mpaka uzee. Hakuna kidonge cha kuuondoa. Wapo wasioongea kabisa, watakaohitaji kusaidiwa maisha yao yote. Wapo wanaoongea kama redio ukigusa jambo wanalolipenda. Wengine wana ulemavu wa akili pamoja na usonji. Wengine darasani wanawaacha wenzao mbali, ila kuvuka koridoni yenye watu wengi ni mtihani.

Kinachowaunganisha ni hiki. Yale tunayosemezana bila kuyasema, kwa sura, kwa toni, kwa fumbo, wao wanayapata kwa shida. Wanapenda utaratibu unaojulikana, na ukibadilishwa ghafla wanavurugika kweli, si kwa kudeka. Halafu kuna sauti, mwanga, harufu na kuguswa. Feni inayolia kwikwi, wewe baada ya dakika mbili huisikii tena. Yeye ataisikia saa tatu nzima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sasa toa walioishia njiani, toa waliofichwa majumbani, toa walioachishwa shule darasa la pili kwa kuitwa mabubu. Bado watabaki wanaofika chuoni. Usiniambie kwako hawapo. Niambie hujawajua.

Na kwa anayedhani chuo si mahali pao: daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika mwaka 1943 juu ya watoto 11, na ndio walioufanya usonji utambulike na madaktari. Wa kwanza kwenye orodha yake, Donald Triplett, alikuja kumaliza shahada mwaka 1958, akafanya kazi benki mpaka akastaafu. Yaani mtu wa kwanza kabisa kuandikwa ana usonji alikuwa mhitimu wa chuo. Sisi mpaka leo tunashangaa wanafika fikaje.

SEHEMU YA 3

Sasa salamu. Hapa ndipo vijana wetu wanaponyongwa, na vitabu vya Wazungu havitawaambia hili.

Kwetu mtoto anapimwa kwa salamu kabla ya kupimwa kwa kitu kingine. Asiyekuamkia hakulelewa. Kijana mwenye usonji anaweza kukupita koridoni bila shikamoo kwa sababu akili yake yote iko kwenye kutafuta mlango wa chumba namba 14 katikati ya makelele. Au hakukutambua, kwa kuwa amezoea kukuona ukumbini na leo umevaa fulana. Wewe unaingia ofisini umekasirika: "Huyu kijana ana kiburi." Siku anakuja kuomba kuongezewa siku mbili za kazi yake, jibu lilishatoka zamani.

Halafu macho. Huku Upare mtoto anayemkazia mkubwa macho anaambiwa hana adabu. Mama amehangaika miaka kumi na nane kumfundisha kuinamisha uso mbele ya wakubwa. Anafika chuo, anasimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi, na ile karatasi ya alama ina mstari wa "kujiamini na kuwaangalia wasikilizaji". Anakatwa alama. Hivi tushike lipi? Koridoni anahukumiwa kwa adabu za kwetu, darasani anahukumiwa kwa adabu za kigeni, na zote mbili anafeli. Hesabu alizokuwa anazieleza ubaoni zilikuwa sahihi zote.

Mhadhiri, jiulize swali moja tu unapokata alama: hiki ninachokata kimo kwenye somo langu? Kama unafundisha uandishi wa habari za televisheni, macho yamo, kata. Kama unafundisha takwimu, macho yanakuhusu nini?

SEHEMU YA 4

Kuna kijana mmoja wa huku tambarare. Yeye na mama yake wameniruhusu nisimulie, na mengine nimeyaacha makusudi asijulikane. Chuo sikitaji.

Kijana huyu tangu darasa la tano aliandika kila siku iliyonyesha mvua kwenye daftari. Huku kwetu mvua si jambo la kusahaulika, inanyesha kwa kuhesabika. Akafaulu, akaenda chuo kusoma mambo ya takwimu. Mwaka wa kwanza alipita. Chumba hosteli walilala sita, yeye akawa anasomea chooni usiku kwa sababu ndipo palipokuwa na ukimya. Bumu likichelewa hakuwa anaomba mtu, alikuwa anakaa na njaa.

Mwaka wa pili, mtihani wa mwisho wa somo moja ukahamishwa ukumbi. Tangazo likawekwa WhatsApp, kwenye grupu la darasa, asubuhi ileile ya mtihani. Grupu lile alishalizima sauti, lina meseji mia tatu kwa siku, utani na picha. Yeye alifuata ratiba iliyobandikwa ubaoni yenye mhuri. Akafika nusu saa kabla, akakaa mbele ya mlango uliofungwa. Alipokuja mtu kumwambia, akakimbia, akafika akiwa amepitiliza muda wa kuruhusiwa kuingia. Akaandikwa hakufanya mtihani.

Akaitwa kujieleza. Wakubwa watano mezani. Wakamuuliza kwa nini hakuwepo. Akajibu: "Ratiba ya ubaoni ilisema ukumbi ule." Wakamuuliza kama ana cha kuongeza. Akasema hana, kwa sababu kwa kweli hakuwa na cha kuongeza, jambo lilikuwa limekwisha kuelezwa. Hakuomba radhi, hakulia, hakusema "naomba mnisamehe wazee wangu". Mmoja akamwambia: "Wewe unatujaribu?" Yeye akauliza: "Kujaribu nini?"

Disko.

Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wanne kwa ajili ya ada ya mwaka ule. Majibu kwamba kijana ana usonji yalikuja mwaka uliofuata, baada ya kupanda na kushuka hospitali. Alikuwa na miaka 23. Daktari alipomweleza, kitu cha kwanza alichouliza ni kama kile kikao kingeweza kukaa upya sasa kwa kuwa sababu imepatikana. Mpaka leo barua yao haijajibiwa.

Sasa someni tena kisa hiki mniambie ni wapi alishindwa takwimu.

SEHEMU YA 5

Hoja ya kwanza ninayosikia: "Ukimpa nafuu mmoja, unawaonea wengine."

Wodini nina mtoto wa kilo 8 na baba yake wa kilo 80, wote wana malaria. Nikiwapa dozi sawa, mmoja namuua au mwingine hatapona. Tunapima uzito, tunatoa kwa uzito, na lengo ni lilelile, vimelea viishe. Hakuna ndugu wa mgonjwa aliyewahi kulalamika kuwa nimempendelea mtoto.

Na nyie wenyewe mmeshalikubali jambo hili, ila mmesahau. Baraza la Mitihani la Taifa huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Piga hesabu: mtihani wa saa 3 unaongezeka dakika 30, wa Hisabati unaongezeka saa nzima. Cheti kilichopatikana hivyo mlikipokea kwenye udahili, hamkusema ni cha upendeleo. Iweje mtu apewe dakika zake mpaka shuleni, halafu akivuka geti la chuo zitegemee leo mhadhiri ameamkaje?

Wapare wenzangu mnakumbuka mbiru. Mwaka 1945 wazee wetu kwa maelfu walikwenda Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi ile. Profesa Isaria Kimambo, mwenzenu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyeiandikia kitabu. Wazee hawakugoma kulipa kodi. Walichokataa ni namna ya kukadiriwa, mtu kukaa na kukisia mali ya mwenzake kwa jicho. Mwishowe kodi ile ikaondolewa.

Vijana hawa nao hawajakataa mtihani. Wanaomba kipimo kipime kile kilichofundishwa. Hilo nalo ni ukorofi?

SEHEMU YA 6

Hoja ya pili: "Alete cheti cha daktari. Mbona anaonekana mzima?"

Cheti ni haki yenu kukidai kwa mambo makubwa. Lakini mjue mnachokidai. Mtu wa huku akitoka kituoni anaandikiwa rufaa ya hospitali ya wilaya, kutoka hapo Mawenzi, kutoka hapo KCMC. Kila hatua ni nauli, ni foleni, ni siku ya shamba imepotea, na wanaojua kuutambua usonji kwa mtu mzima ni wachache mno. Wengi wa rika hili walikua wakati hakuna aliyewatazama. Wasichana ndio zaidi, wanajifunza kuigiza wenzao mpaka wanachoka, kisha wanaandikiwa kuwa wana msongo tu. Kwa hiyo aliyekosa cheti hajakosa usonji.

Na yapo mambo madogo ambayo hayahitaji cheti cha mtu yeyote. Kuandika maelekezo ya kazi kwenye karatasi kunahitaji cheti gani?

Hoja ya tatu: "Chuo ni cha watu wazima, hatubembelezi mtu. Huko kazini nani atambembeleza?" Mimi niko kazini, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazini kwangu dawa haitolewi kwa kukonyezana. Inaandikwa: jina, dozi, njia, saa. Zamu inakabidhiwa kwa maandishi. Kueleza jambo wazi ndiyo kazi yenyewe. Anayetoa maelekezo ya mafumbo wodini tunamwita hatari, hatumwiti mkomavu. Na kama mna wasiwasi na ajira zao, mtafuteni Temple Grandin, profesa wa mambo ya mifugo kule Colorado, Marekani. Ana usonji. Amebuni mazizi na njia za kupitishia ng'ombe zinazotumika sehemu nyingi, kwa sababu aliona kinachomtisha mnyama ambacho wengine hawakukiona. Sisi watu wa mifugo tungempa heshima yake. Chuoni kwenu angefika mwaka wa pili?

Tena kuna sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 24 inataja elimu ya juu kwa jina. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na maana ya ulemavu ndani yake inagusa vikwazo vya kimwili, kiakili na kijamii. Mwaka huohuo wa 2010 Uingereza nao walipitisha Sheria yao ya Usawa. Kule mwanafunzi mwenye usonji anakwenda ofisi inayohusika, anakaa na mtu, wanaandika anachohitaji, wahadhiri wanapelekewa. Huku vitengo vya elimu maalumu vyuoni vipo, na vimewasaidia sana wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo. Usonji hauna fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu, basi unapita mlangoni bila kuulizwa.

Wajuzi nao hawajakosekana. Patandi pale Arusha wanafundisha walimu wa elimu maalumu. Lushoto, milima ya jirani kabisa, Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kilianza mwaka 2007 kikiwa na shahada ya elimu maalumu. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Mwalimu wa msingi anajifunza jinsi ya kumfundisha mtoto huyu. Mhadhiri anaajiriwa kwa GPA na machapisho, anakabidhiwa watu mia nne ukumbini, basi. Mmealika wataalamu hao wangapi waje kukaa nanyi hata asubuhi moja?

SEHEMU YA 7

Sasa dawa. Haya nimeyaandika kama ninavyoandika kwenye kadi, ubandike mlangoni kwako.

1. Maelekezo ya kazi yaandikwe: inahitajika nini, kurasa ngapi, lini, alama zinagawanywaje. Neno "jadili" peke yake halitoshi, sema ajadili nini na kwa upande upi.

2. Mabadiliko ya ukumbi au saa yatolewe angalau siku moja kabla, na yabandikwe palepale ratiba ilipobandikwa. Grupu la WhatsApp si ubao wa matangazo.

3. Kuwasilisha kazi: mruhusu afanye mbele yako peke yako, au mbele ya watu watatu, au kwa kurekodi. Somo litaonekana tu.

4. Grupu la watu kumi ni fujo kwa kila mtu. Gawa watu wanne, kila mmoja na kipande chake kilichoandikwa jina.

5. Mtihani: chumba kidogo chenye watu wachache, kiti karibu na mlango, na muda wa nyongeza. Akivaa viziba masikio, mkague kabla kisha mwache.

6. Utani wa kejeli mbele ya darasa, acha. Yeye ataupokea kama ulivyotamka.

7. Usimtaje mbele ya wenzake. Usimshike bega. Usimwombee hadharani. Mwite, mkae, muulize: "Nini kinakusumbua kwenye somo langu?" Kisha nyamaza, mpe muda wa kujibu. Kimya chake si dharau.

8. Kabla ya barua ya disko kutoka, mtu mmoja mwenye ujuzi akae na mwanafunzi huyo faragha na asikilize. Kikao cha watu watano mezani si mahali pa mtu mwenye usonji kujitetea.

Hesabu gharama yake yote. Karatasi, kalamu ya wino na uvumilivu. Na mkifanya haya, mtashangaa: yule mwenye kigugumizi, yule mwenye uoga, yule aliyetoka sekondari ya kata na Kiingereza cha kuunga unga, wote watapumua.

SEHEMU YA 8, YA MWISHO

Wazazi: mtoto wenu akirudi na barua, msianze na mganga wala msianze na fimbo. Njooni kituoni tuandike rufaa. Na barua ya chuo msiichane, ina tarehe za kukata rufaa.

Wanafunzi: mwenzenu asiyeongea kwenye grupu, mtumieni ujumbe wake peke yake. "Ukumbi umebadilika, uko sehemu fulani." Maneno matano hayo yangemwokoa kijana niliyemsimulia.

Mkopo wa elimu ya juu nao, mwombaji mwenye ulemavu anahitaji kuthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Anzeni mapema, msisubiri wiki ya mwisho dirisha linafungwa.

Wahadhiri: tarehe 2 Aprili kila mwaka ni siku ya usonji duniani. Mtavaa fulana za bluu, mtapiga picha. Sawa, vaeni. Ila siku hiyohiyo fungueni mafaili ya waliopewa disko kwa utoro wa mtihani, kwa "utovu wa nidhamu", kwa kutoshiriki kazi za grupu. Someni maelezo yao ya kujitetea. Mkikuta mtu amejibu kwa sentensi moja iliyo kweli na hakuongeza kitu, mwiteni.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe tupate nauli ya kesi ya kuku. Sawa, utani tunaukubali. Ila hii si kesi ya kuku. Mimi sitaichoka, nitaiandika mwezi ujao tena na mwezi unaofuata, mpaka barua ya mama yule ijibiwe.

Mtumie mhadhiri unayemfahamu. Kama unamwogopa, chapisha sehemu ya 7 umpitishie chini ya mlango.

Nesi wenu, Kwakoa.